Soko la zamani, duka la jumla au duka la vyakula vya nje? Kapu la nyumbani Malindi

Mwezi wa tano Malindi hutulia. Wageni, wengi wao Waitaliano, wameondoka, hoteli nyingi zimefunga zikingoja msimu, kusi yavuma na mvua ya masika haikatiki. Ndipo yale maduka yanayouza vyakula vya nje hubandika karatasi za punguzo: spageti, nyanya za kopo, mafuta ya zeituni, jibini, biskuti, jodari wa kopo. Vilivyoletwa kwa ajili ya wageni tarehe zake hazingoji msimu ujao, na mwenye duka ni afadhali apate nusu kuliko kutupa. Bei ambayo Januari huwezi kuthubutu hata kuiuliza, mwezi wa tano yakuita mlangoni.

Nami huitikia. Nalisha watu saba nyumbani Shella, na majirani huniita niwapikie shughuli zao, arusi, hitima na maulidi. Kwangu swali la nini kinunuliwe wapi ni la riziki. Tofauti ya shilingi 50 kwa kilo, kwenye kilo 60 za mchele, ni shilingi 3,000, na hizo ndizo hulipa wasaidizi wa jikoni.

Kwa hivyo nimekuwa nikilinganisha pande tatu: Soko la Zamani pamoja na ufukweni wanaposhusha samaki, maduka ya jumla ya mjini, na duka la vyakula vya nje la bei nafuu. Nilipofika ni hapa: kitu kikavu kisichooteshwa kwetu, kanunue duka la nje. Kitu chenye maji, na chochote ambacho pwani hii yakitoa yenyewe, kanunue sokoni. Kinacholiwa kila siku kwa wingi, unga, sukari, mafuta ya kukaangia, ni cha duka la jumla, na hapo sina la kuongeza. Kanuni hii ina matundu, lakini, na matundu ndiyo yanayokula pesa za watu.

Mchele

Tundu la kwanza na kubwa. Mchele ni kitu kikavu, na Kenya hailimi wa kuitosha. Mwingi tunaokula Malindi watoka Pakistani, Tanzania, India na Thailand, na wa kwetu unaosifiwa zaidi ni pishori wa Mwea. Kwa kanuni yangu, duka la nje lingeshinda. Mara nyingine hushinda kweli, hasa mifuko ya kilo 5 ya basmati inaposhushwa bei.

Lakini sikilizeni lililonifika. Nilikuwa na pilau ya arusi ya mtoto wa dada yangu. Nikakuta duka moja la punguzo lina basmati ya mifuko ya kilo 20, imeandikwa kwamba imehifadhiwa miaka miwili, na bei iko chini ya ile ya jumla. Nikachukua mifuko mitatu bila kujaribu hata kikombe kimoja. Siku ya shughuli nikatia maji kwa kipimo changu cha siku zote, nikapalia moto juu na chini, nikafunika. Nilipofunua, wali ulikuwa bokoboko. Dada yangu hakusema neno. Alichukua sahani, akaichotea, akaiinamisha upande, na wali haukumwagika. Ulishikana na sahani kama ugali. Ule ulikuwa mchele mpya, maandishi ya mfuko yawe yamesema lolote.

Mchele wa zamani hunywa maji mengi na punje husimama mojamoja. Mpya hunywa machache na hushikana haraka. Ndiyo maana kipimo kilekile cha maji chaweza kukuinua leo na kukuaibisha kesho. Siku hizi sinunui mfuko nisioujua kabla ya kuona punje. Nazitia kiganjani: mchele mkongwe una rangi ya maziwa yaliyoiva, kama unjano kwa mbali, mpya ni mweupe wa chaki. Naing'ata punje moja: kongwe hukatika kwa mlio, mpya husagika kimya. Kisha nanunua mfuko mmoja mdogo, napika kikombe nyumbani, naangalia punje imerefuka kiasi gani. Basmati nzuri hukaribia kurefuka mara mbili.

Hapo ndipo duka la jumla huniteka moyo. Muuzaji hunifungulia gunia, hunichotea mkono mmoja, hunambia, "Huu mama ni wa pilau, ule pale wa wali wa nazi." Mfuko uliofungwa wa duka la nje hauna mtu wa kuusemea. Kwa shughuli, basi, naenda jumla. Kwa biriani ya nyumbani siku ya Ijumaa, basmati ya punguzo niliyokwisha kuijaribu yatosha na kubaki.

Na chenga msizidharau. Kwa vitumbua na mkate wa sinia, mchele unalowekwa na kusagwa, hakuna haja ya kulipia punje ndefu ambayo itaishia kwenye blenda.

Makopo: someni uzito wa pili

Kopo la maharagwe la gramu 400 huonekana jambo la maana likishushwa bei. Geuza kopo. Chini ya uzito ule mkubwa, kwa herufi ndogo, mara nyingi kuna uzito wa pili, wa kitu kikishachujwa maji. Kwenye makopo ya Italia huandikwa *peso sgocciolato*. Kwa kopo la maharagwe la gramu 400, uzito huo kwa kawaida ni gramu 240 hivi. Zilizobaki ni maji ya chumvi.

Tupige hesabu. Tuseme kopo ni shilingi 120. Unalipa shilingi 120 kwa gramu 240 za maharagwe yaliyopikwa, yaani shilingi 500 kwa kilo. Sasa tuseme kilo ya maharagwe makavu sokoni ni shilingi 200. Ukiyaloweka usiku na kuyachemsha, kilo moja huwa zaidi ya kilo mbili, kwa hivyo kilo iliyopikwa haifiki shilingi 100. Ongeza makaa au gesi, bado uko mbali. Bei mtazitia zenu za wiki hii. Umbali wenyewe haubadiliki sana.

Nyanya ni hesabu nyingine, na hapa namuunga mkono mwenye duka. Nyanya zetu nyingi hutoka mbali, na zikiadimika sokoni, fungu la nyanya nne laweza kukutoa jasho. Nyanya ya kopo iliyokolezwa huwa imekwisha kutolewa maji kiwandani. Kopo lililoandikwa *doppio concentrato* limekolezwa zaidi. Kijiko kimoja hufanya kazi ya nyanya kadhaa kwenye mchuzi. Likiwa na punguzo nachukua ya miezi mitatu. Ila kwa kachumbari, bila shaka, ni nyanya ya soko, na iwe ngumu.

Hewa yetu ya chumvi hula bati. Kopo lenye kutu kwenye ukingo, au lililobonyea pale bati lilipounganishwa, liache hata likiwa bure. Lililovimba usilifungue, usilionje, usimpe hata paka. Uvimbe ni dalili kwamba kuna kitu kinaishi mle ndani.

Tui

Siku hizi naulizwa sana kuhusu tui la kopo, hasa na wake wa nyumba changa ambao hawana mbuzi ya kukunia. Nitasema wazi: katika mji uliozungukwa na minazi, kununua tui lililovuka bahari ni kutumia pesa vibaya, na hata ladha si ile. Makopo ya bei ya chini kabisa ndiyo yenye maji mengi. Soma asilimia ya nazi ubavuni. Ikiwa chini ya nusu, unanunua maji meupe yaliyotiwa kiungo cha kuyashikamanisha.

Kwa kilo moja ya mchele mimi natumia nazi mbili. Sokoni naitikisa kila moja sikioni: nataka maji yasikike yakicheza. Isiyo na mlio yaelekea kuwa mbata au imeoza, na ukinusa macho yake matatu utajua ni ipi. Anayeona taabu kukuna atapata wa kumkunia. Tui la kwanza naliweka kando, la pili na la tatu ndiyo maji ya kupikia wali, na lile zito nalimiminia mwisho.

Kopo lina siku yake, hata hivyo. Tui la kopo halikatiki kirahisi kwenye moto, kwa hivyo mtu asiyezoea kukoroga mchuzi kwa upawa bila kupumzika hatoaibika. Na kopo moja kabatini humwokoa mtu mgeni anapobisha hodi dakika ishirini kabla ya magharibi ya Ramadhani. Moja, si katoni.

Vya barafu

Umeme wetu twaujua. Ukikatika kwa saa nne mchana, duka lisilo na jenereta ya uhakika halitakwambia kilichotokea ndani ya friza, lakini mfuko utakwambia. Chukua mfuko wa njegere za barafu uutikise. Zikigongana mojamoja kama kete za bao, ziko sawa. Zikiwa tofali moja, ziliyeyuka zikaganda tena. Kuku vilevile: ukiona barafu ya rangi ya waridi imelala chini ya mfuko, hiyo ni damu na maji yaliyotoka alipoyeyuka. Punguzo kubwa la friza ndilo nisiloliamini kuliko yote.

Na kamba wa barafu huvishwa koti la barafu ambalo nawe walilipia. Tuna kamba wa Ngomeni hapa karibu. Kwa nini tununue maji?

Samaki sihitaji kueleza mengi. Kaskazi, bahari ikiwa tulivu, nenda ufukweni mapema upatane bei mwenyewe: jicho liwe limejaa na kung'aa, mashavu yawe mekundu ndani, nyama ikibonyezwa irudi. Kusi ikivuma mashua hazitoki kwa wingi, changu na tafi hupanda bei, na hapo ndipo jodari wa kopo la punguzo hupata nafasi ya haki jikoni kwangu, kwa sambusa na kwa katlesi. Soma uzito wa pili kwanza, kama maharagwe.

Maandishi ya Kiitaliano

Wengi wetu hapa mjini twakijua Kiitaliano cha kuuza na kununua. Kitumieni dukani. Kuna tarehe za aina mbili. *Da consumarsi preferibilmente entro* maana yake ni vizuri kiliwe kabla ya siku ile. Ikipita, ubora hupungua, na pakiti ya spageti kavu haigeuki sumu usiku mmoja. *Da consumarsi entro*, bila lile neno la katikati, ni siku ya mwisho ya kula kwa usalama, na huandikwa kwenye vitu vinavyooza upesi. Hiyo haina mjadala. Punguzo la aina ya kwanza ni nafasi. Punguzo la aina ya pili ni haraka ya usiku huohuo.

Kwa sisi Waislamu kuna kazi zaidi, na naiona haizungumzwi ipasavyo. *Strutto* ni mafuta ya nguruwe, na hupatikana kwenye mikate bapa na baadhi ya biskuti ambazo ukizitazama hazina dalili ya nyama. *Suino* na *maiale* ni nguruwe mwenyewe. Rojo za tambi za chupa mara nyingi huchanganya nyama yake na ya ng'ombe, na tambi za kujazwa, zile ndogo zilizokunjwa kama kitovu, aghalabu hujazwa hiyo. *Vino* ni mvinyo. Kwenye jibini kuna *caglio*, kigandishi ambacho chaweza kuwa kimetoka tumboni mwa ndama, na hapo muulize shehe wako. Nimemwona mama mmoja na mtoto wake wakiweka kapuni chupa tatu za rojo kwa sababu ilikuwa nusu bei. Nikamwambia, "Dadangu, samahani, hebu soma hapa." Alizirudisha zote tatu bila kusema kitu, akanishika mkono.

Kagueni pia alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Nambari ya idhini iliyo chini yake yaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ujue kama ni ya kweli.

Spageti na zeituni

Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha duka la punguzo, ningechagua spageti. Ile iliyoandikwa *semola di grano duro* ni ya ngano ngumu. Haivurugiki sufuriani, na ikiwa mahali pakavu hukaa muda mrefu. Nikifika nyumbani nazitoa pakiti, natia kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana, maana fukusi wa pwani hutoboa plastiki. Kwa tambi za sukari na iliki za asubuhi ya Idi bado nataka zile nyembamba za dukani kwetu. Ngano ngumu ni ngumu kweli, haikubali kulainika kwa tui na sukari.

Mafuta ya zeituni ndiyo mtego. Mwanga na joto huyaharibu, na chupa nyeupe iliyokaa dirishani miezi sita Malindi imekwisha kupata vyote viwili. Chagua chupa nyeusi au bati, ya nyuma kabisa rafuni, yenye tarehe ya mbali. Ukiona *olio di sansa di oliva*, hayo yametolewa kwenye makapi yaliyobaki baada ya kukamua. Si haramu wala si mabaya kukaangia, lakini yasikuuzie jina la *extra vergine*. Kwa mahamri, mafuta ya jumla, tafadhali.

Viungo

Soko bila mshindani. Bizari nzima, mdalasini, karafuu, pilipili manga na iliki wakupimia mbele yako, wakusagia ukitaka, na harufu yakwambia umri wake. Kichupa cha gramu 30 dukani, ukikihesabu kwa kilo, bei yake yatisha.

Isipokuwa zafarani. Nyuzi nyekundu zinazouzwa rahisi kwa kijiko mara nyingi si zafarani. Tia nyuzi tatu kwenye maji ya vuguvugu: ya kweli hutoa rangi ya dhahabu polepole na uzi hubaki mwekundu, ya uongo humwaga wekundu papo hapo, na uzi hupauka. Kikopo kilichofungwa cha duka la nje kinaponunulika, nanunua hicho.

Nauli na daftari

Duka la nje liko mbali na kwangu, kwenda na kurudi kwa tuktuk. Kwa pakiti mbili za spageti nauli hula punguzo lote. Kwa hivyo naenda mara moja kwa mwezi, na orodha mkononi, na kwa kawaida twachangia tuktuk wanawake watatu. Chakula cha sokoni kisichosindikwa hakina VAT, kodi ya ongezeko la thamani, cha kiwandani kingi kina asilimia 16 ndani ya bei, na hilo mjue kabla ya kudhani punguzo ni zawadi.

Halafu kuna lile ambalo mashine ya risiti haiwezi. Mwenye duka la mtaani huniandika kwenye daftari mwisho wa mwezi ukibana. Mama wa mchicha, ambao hukatwa mashambani kando ya mto Sabaki, hunitilia nyongeza juu ya fungu bila kuombwa. Nilipougua wiki mbili alinitumia mboga kwa mwanawe. Huyo simwachi kwa sababu ya karatasi ya punguzo.

Ramadhani ikikaribia

Tende ndizo zinazonipa shida kuamua hadi leo. Duka la nje huleta maboksi mazuri, na baada ya Idi hushusha bei sana. Sokoni kuna zile za kubandikana zinazopimwa kwa kilo, na ukipata mzigo mpya hazina mfano. Mimi nafanya hivi: wiki tatu kabla ya mwezi kuandama nanunua robo kilo kila upande, tunakula nyumbani sote saba. Mwaka huu boksi lilikuwa na sukari imeganda kwenye ngozi, dalili ya kukaa sana, na wanangu wakamaliza za soko usiku uleule. Nikarudi asubuhi kuchukua kilo 6.